Katriji ya Bei Kubwa Haifufui Mtambo wa Zamani

Kuna ushauri ambao karibu kila mwenye pleya ya zamani na santuri alizorithi ameshapewa. Unasema kwamba sauti huanzia kwenye sindano, na kinachopotea pale hakirudishwi na amplifaya wala spika. Kwa hiyo kusanya fedha uliyonayo, nunua katriji ya bei kubwa kuliko zote unazozimudu, uifunge kwenye pleya yako ya mwaka 1974, na mtambo mzima utapanda daraja. Anayeutoa humalizia kwa kusema rahisi ghali, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ushauri huu naupinga. Umewafanya watu wenye kipato cha kawaida wanunue kitu kisichooana na walichonacho, kisha waamini kwamba kasoro iko kwenye mtambo wao, wakauza mtambo mzuri kwa bei ya kutupa. Vifaa vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilivyobaki majumbani mwetu vilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Vinastahili kuulizwa vinataka nini kabla ya kufungiwa chochote.

Kwanza nieleze upande wa pili kwa haki. Ni kweli katriji ndiyo inayogeuza mwendo wa ncha ndani ya mfuo kuwa umeme, na mwendo huo ni mdogo mno, kuanzia makumi ya mikroni hadi chini ya mikroni moja. Ni kweli pia kwamba ncha isipoweza kuufuata mfuo hakuna kifaa mbele yake kitakachobuni kilichokosekana. Mtu aliyetoka kwenye sindano iliyochakaa akaingia kwenye katriji nzuri na mpya husikia mabadiliko ambayo kubadilisha amplifaya kusingemletea. Hayo yote nayakubali.

Ninachokataa ni hitimisho. Miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Uskochi ilifundisha wateja wake kwamba kinachopotea mwanzoni hakirudi, na kwa hoja hiyohiyo ikawaambia waanze na pleya yenyewe, kisha mkono, na katriji iwe ya mwisho. Leo hoja ileile inatumika kutuambia katriji iwe ya kwanza. Hoja inayofikisha watu kwenye maamuzi mawili yanayopingana haijathibitisha lolote kati ya hayo mawili. Imesema tu kwamba mwanzo wa njia ya sauti una umuhimu, jambo ambalo hakuna anayebisha. Haijasema katriji gani, kwenye mkono gani, ikiingia amplifaya gani, ikicheza santuri zipi. Na maswali hayo ndiyo yanayoamua matokeo.

1. Mkono una haki ya kukataa

Ncha ya sindano imebebwa na kijiti chembamba, na kijiti hicho kimeshikwa na kipande cha mpira. Mpira huo hufanya kazi ya springi, na mkono mzima ulio nyuma yake ni uzito uliofungwa kwenye springi hiyo. Springi na uzito vikishakutana vina masafa yao ya kutetemeka, na bei ya katriji haiwezi kuyafuta masafa hayo. Kinachowezekana ni kuyaweka mahali pasipo na madhara. Yakiwa chini sana, yanaangukia kwenye mawimbi ya santuri iliyopinda na kwenye hatua za watu chumbani. Yakiwa juu sana, yanaingia kwenye besi ya muziki. Kwa kawaida mafundi hutafuta kati ya hezi 8 na 12.

Hesabu yake inafanyika kwenye karatasi. Chukua uzito wa mkono kama sindano inavyouhisi, jumlisha uzito wa katriji na skrubu zake, zidisha kwa unyumbufu wa mpira uliotajwa na kiwanda, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu ulilopata. Mkono wa Technics SL-1200MK2 una gramu 12. Ortofon 2M Red ina gramu 7.2, na skrubu tuziwekee gramu 0.8, jumla gramu 20. Unyumbufu wake ni 20. Ishirini mara ishirini ni 400, kipeuo chake ni 20, na 159 ukigawanya kwa 20 unapata karibu hezi 8. Vinaoana.

Sasa chukua katriji laini ya aina iliyosifiwa sana miaka ya 1970, yenye gramu 6 na unyumbufu wa 30, uifunge kwenye mkono mzito wa gramu 20. Pamoja na skrubu una gramu 27 hivi. Hesabu inakupa chini kidogo ya hezi 6. Vua kitambaa cha mbele cha spika, weka santuri iliyopinda kidogo, halafu tazama wufa, spika yake ya besi. Utaiona ikisukumwa nje na kuvutwa ndani kwa mwendo mkubwa wa polepole, na hakuna besi unayoisikia. Amplifaya yako inatumia nguvu zake kuendesha mpindo wa plastiki, na mwimbaji anapata zilizobaki. Katriji hiyo inaweza kuwa na bei mara tano ya ile ya kwanza, na wufa itafanya hivyohivyo.

Kinyume chake nacho kina hasara. Denon DL-103 ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Mpira wake ni mgumu, inataka mgandamizo wa gramu 2.5, na ilikusudiwa mikono yenye uzito. Watu wanaisifu, na wana sababu. Lakini mtu akiifunga kwenye SME 3009 Series III, mkono uliotengenezwa uwe mwepesi kadiri ilivyowezekana, wenye gramu 5 hivi, ameunganisha vitu viwili vilivyobuniwa kwa mawazo yanayopishana. Mpira mgumu unausukuma mkono, na mkono hauna uzito wa kutulia. Hapa kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji: unyumbufu wa 5 ulioandikwa kwenye karatasi ya Denon umepimwa kwa hezi 100, kama viwanda vya Japani vilivyozoea. Kwa hezi 10 namba hiyo hupanda, mara nyingi hadi kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Anayelinganisha karatasi ya Japani na ya Ulaya bila kujua hili analinganisha vipimo viwili tofauti.

Kwenye rediogramu na pleya za kubadili santuri zenyewe, zile za BSR na Garrard zilizojaa majumbani, shida ni ya wazi zaidi. Mkono wa pleya kama hizo unapofika mwisho wa santuri lazima usukume kikono cha chuma chini ya sahani ili mashine ijue muda wa kunyanyuka umefika. Nguvu ya kukisukuma inatoka kwenye ncha ya sindano inayoegemea ukuta wa mfuo. Katriji ya seramiki iliyokuja nayo ilikuwa ikigandamiza gramu 4, 5, hata 6, kwa hiyo kazi hiyo iliiweza. Nilimkuta mtu kwa fundi mmoja Mombasa amefunga humo katriji ya sumaku inayotaka gramu moja na robo. Mkono ulikuwa unakwama katikati ya wimbo na kurudia mstari mmoja, naye alikuwa amebandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha mkono ili usonge. Ukiinama na kutazama kwa pembeni uliona tumbo la katriji likigusa santuri. Mpira ulikuwa umelala kabisa chini ya sarafu, na kitu alichokilipia kwa shida kilikuwa kinakwangua santuri zake.

Na asije mtu akadhani kwamba ulaini ndio usalama. Imani kwamba sindano inavyogandamiza kidogo ndivyo inavyolinda santuri ni tawi la ushauri huuhuu, maana katriji nyingi za bei kubwa zilijitangaza kwa wepesi wake. Sindano isiyo na mgandamizo wa kutosha huachana na ukuta wa mfuo pale muziki unapokuwa na nguvu, kisha hurudi kwa kugonga. Almasi inayogonga plastiki huacha alama ya kudumu. Kiwanda kikisema gramu 2, weka 2, na ukisikia herufi ya "s" kwenye sauti ya mwimbaji inakwaruza, ongeza kidogo ndani ya mipaka ya kiwanda.

2. Amplifaya nayo ni sehemu ya katriji

Wanaoamini kwamba katriji hubeba sauti yake ndani ya sanduku lake wanasahau kwamba katriji ya sumaku ni koili, na koili haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na waya unaotoka kwenye mkono na tundu la PHONO nyuma ya amplifaya. Tundu hilo lina ukinzani wa kilo-ohm 47, na kuhusu hilo viwanda vilikubaliana. Ambacho havikukubaliana ni kapasitansi, yaani uwezo wa waya na tundu kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi.

Chukua Audio-Technica AT-VM95E, katriji ya bei ya chini ambayo watu wengi wanaifahamu. Koili yake ina milihenri 550, na kiwanda kinataka ione pikofaradi 100 hadi 200, waya ukiwemo. Ikiona 150, koili na kapasitansi hukutana karibu na hezi 17,500, juu kabisa, mahali ambapo hazisumbui. Sasa iweke kwenye risiva ya zamani yenye pikofaradi 300 kwenye tundu lake, kupitia waya wa pleya wenye 150 nyingine. Jumla ni 450. Makutano yanashuka hadi karibu hezi 10,000, katikati ya matoazi na herufi kali za mwimbaji. Sauti inainuliwa pale, kisha juu yake inaporomoka. Mwenye mtambo anasikia ukali na kukosa hewa kwa wakati mmoja, na anasema katriji ya bei ndogo ndivyo ilivyo. Ananunua ya bei kubwa zaidi yenye koili ya aina hiyohiyo, na ukali unamfuata. Wakati wote huo dawa ilikuwa waya mfupi wenye kapasitansi ndogo.

Mfano wa upande wa pili ni Shure V15 Type III ya mwaka 1973. Hiyo ilitengenezwa ione pikofaradi 400 hadi 500, kwa sababu waya na amplifaya za wakati ule zilikuwa hivyo. Ukiipeleka kwenye kifaa kipya chenye pikofaradi 100, mizani yake ya sauti za juu inaharibika. Kwa hiyo katriji mbili nzuri, mtambo mmoja, na matokeo yanayopishana, na bei haijachangia lolote. Kinachochangia ni namba ambayo haiandikwi nyuma ya amplifaya, ila kwa kawaida imo kwenye kitabu cha mafundi cha modeli ile. Fundi anayeshauri katriji bila kuifungua karatasi hiyo anabahatisha kwa fedha ya mteja.

Kisha kuna katriji za koili inayotembea, ambazo ndizo wenye ushauri huu huzitaja kama kilele. DL-103 hutoa milivolti 0.3. Tundu la PHONO la risiva nyingi za miaka ya 1970 linahitaji karibu milivolti 2.5 ili lijaze amplifaya. Ni pungufu mara nane na zaidi, desibeli 18 hivi. Unafungua sauti hadi karibu mwisho wa kitufe, na pamoja na muziki unafungua mvumo wa umeme na mchemko wa transista. Hapo unaambiwa unahitaji transfoma ya kupandisha volti. Ya uwiano wa moja kwa kumi itakupa milivolti 3, na kazi itafanyika vizuri, ila transfoma nzuri mara nyingi inazidi bei ya katriji yenyewe. Ukishainunua inaanza kuokota mvumo kutoka kwenye mota ya pleya, kwa hiyo unatakiwa uisogeze, ubadili waya, utafute eathi nzuri ya umeme. Katika hatua fulani mtu mwingine atasema amplifaya ndiyo iliyokuwa kikwazo tangu mwanzo.

Huu ndio mgongano mkubwa wa ushauri wenyewe. Ulianza kwa kuahidi kuufufua mtambo wa zamani na ukaishia kuubadilisha kipande kwa kipande mpaka hakuna kilichobaki. Kama lengo lilikuwa mtambo mpya, mtu angeambiwa mapema, na angeamua kwa uhuru.

3. Pleya zisizo na nafasi ya kuchagua

Nitapita hapa haraka, kwa sababu hoja ni fupi. Mitambo mingi ya zamani haikuruhusu uchaguzi huo. Rediogramu yenye katriji ya seramiki ilitarajia mamia ya milivolti na haina ndani yake saketi ya kurekebisha mizani ya sauti ya kiwango cha RIAA ambayo katriji ya sumaku inahitaji. Ukiifungia sumaku unapata mnong'ono usio na besi. Pleya za Bang & Olufsen kama Beogram 4000 ya mwaka 1972 hukubali katriji za Bang & Olufsen pekee, na kiwanda hakizitengenezi tena; wamiliki hutegemea mbadala wa kampuni kama Soundsmith ya Marekani. Pleya nyingi ndogo za miaka ya 1980 zinatumia katriji ya kuchomeka yenye pini nne, ambayo uzito na mgandamizo wake vilipangwa kwa kiwango kimoja: gramu 6 na gramu 1.25. Kumwambia mwenye pleya hizi anunue bora kuliko zote ni kumpa ushauri wa mtambo wa mtu mwingine.

4. Santuri ndizo zinazosomwa

Nashangaa jinsi mjadala wa katriji unavyoweza kwenda saa nzima bila mtu kuuliza utacheza nini. Kwetu swali hili ni zito. Makabati mengi ya Afrika Mashariki hayana LP za muziki wa kizungu zilizochezwa mara chache na kufutwa kwa kitambaa laini. Yana santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zilizochapwa Nairobi, wimbo mmoja ukigawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili nyuma, ambako magitaa yanachemka. Zilichezwa kwenye baa, kwenye harusi, kwenye rediogramu zenye sindano za gramu tano. Ukizichambua kwenye vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi utaona mfuo umegeuka kijivu pale ambapo sauti ilikuwa kubwa zaidi. Hizo ndizo zilizobaki, na zinabeba muziki ambao sehemu kubwa yake haipatikani kwingine. Katriji inapaswa kuchaguliwa kwa ajili yake.

Ncha inayouzwa ghali, ya Shibata kwa mfano, ina historia inayofaa kujulikana. Ilibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za CD-4 za JVC, zilizobeba njia nne za sauti kwa kupachika mawimbi ya hezi 30,000 ndani ya mfuo, na kuhitaji sindano isome hadi karibu hezi 45,000. Ni kazi ya kihandisi ya kuheshimiwa. Lakini santuri ya mono ya mwaka 1968, iliyochapwa kutoka kwenye utepe wa studio yenye vifaa vichache, haina kitu huko juu. Anayelipia uwezo wa kusoma hezi 45,000 ili asikilize santuri hiyo amelipia sehemu ya sindano ambayo haitakutana na muziki. Itakutana na mikwaruzo, na itaisoma kwa uaminifu.

Kwa santuri za mono kuna msaada mkubwa ambao hauuzwi. Kwenye mfuo wa mono muziki wote umeandikwa kwa mwendo wa kulia na kushoto. Mwendo wa juu na chini hauna muziki ndani yake, una vumbi, uchakavu na ngurumo za mota. Katriji ya stereo inasoma mielekeo yote miwili na kukuletea kelele pamoja na wimbo. Amplifaya za zamani zina kitufe cha MONO usoni. Kibonyeze, na kelele ya juu na chini inajifuta yenyewe, kwa sababu kwenye njia mbili za stereo inatokea kinyume na kinyume. Mlio wa kukaanga unapungua ghafla, na sauti ya mwimbaji inasogea katikati. Vifaa vingi vipya havina kitufe hicho. Mwenye mtambo wa zamani amekaa nacho miaka yote bila kuambiwa kazi yake, huku akishauriwa atafute fedha ya katriji.

Wenye santuri za mizunguko 78 wako mbali zaidi na ushauri huu. Sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za aina hiyo, na mifuo yake ni mipana. Inataka ncha ya mikroni 76 hivi, wakati ncha ya duara ya santuri za stereo ina mikroni 16 hadi 18. Ncha ndogo inazama hadi chini ya mfuo na kuburuzika kwenye taka, bila kugusa kuta zilizoandikwa muziki. Hakuna katriji ya LP duniani, hata ya bei gani, itakayoisoma santuri hiyo ipasavyo. Na kabla ya hilo hakikisha pleya yenyewe ina mwendo wa 78, maana SL-1200MK2 inayosifiwa kila mahali haina.

Mtu mwenye 78 za bibi, 45 za baba na LP zake mwenyewe anahitaji ncha tatu. Hiyo ndiyo sababu ninatetea katriji zenye mwili mmoja na sindano za kubadilishana. Kwenye familia ya VM95 mwili ni uleule, na mbele yake unachomeka ncha ya duara, ya duaradufu, ya MicroLine, au ile ya mikroni 76 ya kuchezea 78. Mwili mmoja na sindano tatu vinatoshea ndani ya bajeti ambayo wenzetu wanataka iishie kwenye sindano moja.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzuri, na siifichi. Santuri ya LP inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini mfuo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Pembeni ncha inapita karibu sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo sentimita 21 tu. Wimbi la hezi 10,000 lililokuwa na urefu wa mikroni 51 linabanwa hadi 21. Ncha ya duara haiwezi kuingia kwenye kona zilizobanwa hivyo, ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande hukwaruza. Ncha nyembamba inasaidia kwa kweli. Mwenye LP safi za stereo namshauri aitafute. Lakini ncha hiyo inapatikana kwenye mwili wa bei ya wastani, na inadai ifungwe kwa usahihi zaidi: ikiwa imepinda kidogo kwenye kichwa cha mkono faida yake inapotea. Fedha iliyobaki ilipe fundi mwenye kipimo cha kupangia pembe na mizani ndogo ya kupima mgandamizo.

5. Bei ya kweli huhesabiwa kwa saa

Katriji haiko kama spika, inunuliwe mara moja na kurithiwa. Inachakaa kila inapocheza. Audio-Technica hutaja saa 300 kwa ncha ya duaradufu na 1,000 kwa MicroLine. LP moja, pande zote mbili, ni dakika 40 hivi, kwa hiyo saa 300 ni LP 450. Msikilizaji wa LP moja kila siku anafika huko baada ya mwaka na miezi mitatu. Aliyetumia akiba yake yote kwenye katriji moja hatakuwa na akiba ya pili wakati huo, na atakachofanya kinajulikana: ataendelea kuitumia ikiwa imechakaa, almasi ikiwa na makali pembeni, na kila santuri anayoicheza itapungua thamani. Gharama hiyo haiko kwenye risiti ya dukani, inalipwa na santuri.

Kwenye katriji nyingi za koili inayotembea mwenyewe huwezi kubadili sindano. Irudishwe kiwandani au ibadilishwe nzima kwa sehemu kubwa ya bei ya mpya, na kwa aliyeko Dar es Salaam au Kisumu hilo ni safari ya kifurushi kwenda na kurudi, pamoja na ushuru. Kijiti kikipinda kwa sababu mtoto amepitisha kidole au aliyefuta vumbi amepitisha kitambaa, hasara ni ya katriji nzima. Kwenye katriji ya sumaku unachomoa sindano na kuchomeka nyingine ndani ya dakika moja.

Upande wa vitu vya kale vilivyofungwa kwenye boksi napo pana hasara inayofunikwa. Shure iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na tangu hapo sindano zake za zamani zimepanda bei kana kwamba muda haukuzigusa. Almasi ni kweli haijaguswa. Mpira unaoishika umekaa miaka 40 na zaidi, na mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukiwa ndani ya boksi lenye lakiri. Unyumbufu uliotajwa kwenye karatasi ya mwaka 1978 hauko tena ndani ya sindano hiyo, na hesabu ya mkono niliyoionyesha juu haifanyi kazi. Mwenye mwili mzuri wa Shure ana njia nyingine: kiwanda cha JICO cha Japani, kilichoanza mwaka 1873 kwa kutengeneza sindano za kushonea, kinatengeneza sindano mpya za miili hiyo.

6. "Lakini nilisikia tofauti kwa masikio yangu"

Hii ndiyo ngome ya mwisho, na siichukulii kwamba mtu anadanganya. Alisikia. Swali ni alilinganisha nini na nini. Mara nyingi katriji ya zamani ilikuwa na sindano iliyochezwa miaka bila kuhesabiwa saa. Ilikuwa imefungwa na mtu asiyejulikana, kwa pembe isiyojulikana, ikigandamiza kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Katriji mpya ilipofika ikafungwa na fundi, ikapangwa, ikapimwa, mguso wa waya ukasafishwa, na ncha ikafutwa vumbi kwa mara ya kwanza. Mambo matano yalibadilika siku moja, na sifa yote ikapewa bei.

Ulinganisho wa haki uko hivi. Kabla ya kununua chochote, nunua sindano mpya ya katriji uliyo nayo. Osha santuri tatu unazozijua vizuri. Mwambie fundi apange pembe, apime mgandamizo kwa mizani, na akuonyeshe namba. Tafuta kwenye kitabu cha amplifaya pikofaradi za tundu la PHONO, ujumlishe na za waya. Sikiliza wiki kadhaa. Ukiona bado kuna kitu kinakosekana, utaweza kukitaja: wimbo wa mwisho unakwaruza, wufa inatikisika, "s" inachoma, besi imelegea. Kila moja kati ya hizo ina sababu yake, na kila sababu ina katriji yake, ambayo huenda ikawa ya bei ndogo kuliko uliyokuwa umetajiwa. Na muuzaji akikutajia katriji kabla hajauliza mkono wako ni wa gramu ngapi, beba fedha yako urudi nyumbani.